Wavuvi wa mishipi, tuache chubwi za risasi

Bata wa mke wangu alianza kulegea mbawa, akaharisha kijani, na baada ya siku chache akafa. Tulidhani ni mdondo, lakini wenzake walikuwa wazima. Nikampasua. Ndani ya firigisi nilikuta vipande viwili vya madini ya risasi, vimesagika hadi vikawa laini kama kokoto za mtoni.

Vilikuwa vyangu. Kwa miaka mingi, uani kwetu Kigamboni, niliyeyusha risasi ya betri chakavu za gari nikitengeneza chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mishipi, na matone yalidondoka mchangani.

Ndege hana meno. Humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, na kwake kipande cha risasi ni kijiwe tu. Kinasagika, asidi inakiyeyusha, sumu inaingia damuni. Ndiyo maana tangu 1991 Marekani imekataza nchi nzima marisau (punje za bunduki) ya risasi katika kuwinda bata mwitu; wawindaji hutumia ya chuma au madini mengine yasiyo na sumu. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2023 kwenye maeneo oevu. Uingereza iligusa hata sisi wavuvi: mwaka 1987 ilizuia chubwi ndogo za risasi, kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa. Tanzania nayo imo katika mkataba wa AEWA wa kulinda ndege wa majini wanaohama, unaotaka marisau ya risasi yaondolewe kwenye maeneo oevu.

Ila kilichonikosesha usingizi si bata, ni wanangu waliocheza palepale. Mwili wa mtoto huipokea risasi kama kalsiamu, ikaenda kwenye mifupa na ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ndugu yangu, kama unayeyushia nyumbani, acha leo. Usifagie pakavu, vumbi litaruka. Futa kwa kitambaa chenye maji. Ukimpeleka mtoto hospitali, mwambie daktari waziwazi mnachoyeyusha, uulizie kipimo cha risasi kwenye damu. Na tusibane chubwi kwa meno! Nimefanya hivyo tangu utotoni, kama nilivyowaona wakubwa.

Pale uani nimemwaga zege. Kwa chubwi sasa natumia chuma. Ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo chubwi lazima iwe kubwa zaidi, na kwenye mkondo mkali utalazimika kuongeza. Mimi nafunga nati mbili kuukuu za lori. Changu wanakula vilevile.