Jirani kagonga mlango Jumapili

Pole, mdogo wangu. Umeuliza kama jirani yako wa Leipzig anakuchukia, maana Jumapili ulikuwa unatwanga vitunguu saumu, akaja kugonga mlango amekunja uso. Sidhani. Ujerumani Jumapili ni siku ya mapumziko, na katiba yao yenyewe inailinda. Ndiyo maana ulikuta maduka karibu yote yamefungwa. Kutwanga, kutoboa ukuta, hata kupeleka chupa za kioo kwenye pipa la mtaani, vyote husubiri Jumatatu. Na usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi, ni kimya.

Mimi mwaka wangu wa kwanza, baada ya kukemewa hivyo hivyo, niliacha hata kusalimia watu kwenye ngazi. Upweke ulinila vibaya. Tafadhali usifanye hivyo. Pika maandazi, mpelekee sahani Jumamosi mchana, umwambie kwetu kinu hakina siku. Halafu siku za kazi ukitwanga, kunja taulo nene uliweke chini ya kinu, maana mshindo hushuka moja kwa moja kwa wa chini. Ukialika wageni, bandika karatasi ya kuwaarifu majirani langoni siku chache kabla.