TV imeungua na radi ilhali swichi ilizimwa

Dada wa Chumbageni, pole sana. Unauliza imekuwaje TV na king'amuzi viungue kwa radi ilhali swichi ya ukutani uliizima. Swichi hiyo kwa kawaida hukata waya mmoja tu, tena mwanya wake ndani ni wa milimita chache, radi huuruka. Halafu umesema waya wa dishi ulibaki umechomekwa, na huo ndio mlango tunaousahau. Kwangu ilipita humohumo: tundu la dishi nyuma ya king'amuzi lilikuwa jeusi tii, plagi haina hata doa.

Masika hii, wingu likianza kufunga kule baharini, chomoa plagi na waya wa dishi, uuweke mbali na TV. Ngurumo zikishafika juu yenu usishike waya wowote. Acha viungue, roho yako kwanza.

Friji ni habari nyingine. Huuawa zaidi umeme unapokatika na kurudi, kwa hiyo inunulie kifaa cha kuilinda, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuiwasha. Na mwite fundi apime waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, maana chumvi ya pwani yetu hula viungio vyake kimyakimya.