Kabla hujarundika filta tatu kwenye lenzi moja, soma hapa

Mkuu, simama hapo hapo, usilipie kitu. Umesema UV yako (filta ya kuzuia miale ya urujuanimno) haijawahi kutoka kwenye lenzi, sasa unataka kufunga polaraiza (filta ya kukata mng'ao) juu yake, halafu ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) juu ya polaraiza, zote kwenye lenzi pana ya milimita 16-35, ukapige machweo na maporomoko ya maji. Unauliza zipangwe vipi, kampuni gani ni nzuri, na kama pete ya kuongezea kipenyo inafaa. Mpangilio mzuri wa filta tatu haupo. Kioo kimoja kwa wakati mmoja. Ukifikisha viwili, uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Nimeumia kukusoma kwa sababu maneno hayo hayo niliuziwa mimi. Muuzaji aliniapia kwamba UV ni bima ya lenzi, haifunguliwi kamwe, na kila unachoongeza unakifunga juu yake. Nikamwamini. Nikaenda kupiga harusi ya usiku, UV chini, filta ya nyota juu ili taa zing'ae mistari. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera picha zilionekana safi kabisa. Kuzifungua kwenye kompyuta, kila taa ina pacha wake: mzuka wa kijani, umegeuzwa juu chini, unaelea upande wa pili wa picha. Taa iko juu kushoto, mzuka uko chini kulia. Na chini kulia ndipo walipokaa watu! Mama wa bwana harusi alitokea na taa kwenye paji la uso kama mchimba madini anayeingia zamu.

Na asije mtu kuniambia "si ungefuta tu kwa programu". Mzuka ulioangukia ukuta unafutika. Ulioangukia shavu la bibi harusi, ukiufuta unafuta na shavu. Malipo niliyarudisha, na ile familia haikunipigia simu tena. Picha za kukata keki zilikuwa mbaya kuliko zote, maana hapo ndipo taa za jukwaani zilipowashwa zote.

Nilipomrudia yule muuzaji, alinijibu nini? Kwamba nilinunua filta ya bei ndogo, ninunue ya ghali zaidi. Yaani ugonjwa ni filta na dawa ni filta! Hakuna aliyeniambia kwamba kioo kisichopakwa kinga ya mwakisiko hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na filta moja ina nyuso mbili. Filta zako tatu ni nyuso sita. Zile zilizopakwa tabaka nyingi hurudisha kidogo sana, ni kweli, lakini taa kali kwenye giza haihitaji asilimia kubwa kukuharibia kazi. Mwanga unapiga sensa, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, na sensa pamoja na kioo kilichoifunika inang'aa kuliko filamu ya zamani. Unarudi nyuma kupitia lenzi, unakutana na kioo bapa cha filta, unarudishwa ndani tena. Ubapa ndio mbaya: unairudisha ile taa ikiwa bado kali na ina umbo lake, na inaangukia ng'ambo ya pili ya kitovu cha picha. Sasa wewe unataka kuelekeza kamera kwenye jua lenyewe.

Hiyo UV itoe leo. Wakati wa filamu ilikuwa na kazi, kwa sababu filamu ilinasa miale ya urujuanimno na milima ya mbali ikatoka na ukungu wa bluu. Kamera ya kidijitali tayari ina kichujio mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kama unaogopa lenzi kugongwa, vaa kofia ya kivuli, inakinga na inapunguza mng'ao pia.

Machweo: ND peke yake. Polaraiza hufanya kazi kwenye anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Ukilitazama jua uso kwa uso, anga haibadiliki kwa maana yoyote, unapoteza stopu moja na nusu hadi mbili bure (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu). Maporomoko: polaraiza peke yake, inaondoa mng'ao kwenye mawe na majani yaliyolowa, na hizo stopu inazokula zinakusaidia kupunguza kasi ya shata. Kivulini, kamera ukiiweka ISO 100 na f/11, mara nyingi maji yanalainika bila ND yoyote.

Na usije ukashawishika kuunganisha ND mbili. ND8 (inayopunguza mwanga mara 8) juu ya ND64 ni stopu 9; nunua moja ya ND1000 upate 10, ambapo kasi ya shata ya sekunde 1/60 inakuwa kama sekunde 16. ND za ubora duni zikipangwa, huzuia mwanga unaoonekana na kuacha infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, ipite, picha inatoka na wekundu wa matope. ND ya kuzungusha, ile unayoigeuza kuongeza au kupunguza giza lake, nayo ni polaraiza mbili tayari, usiiongezee ya tatu.

Kwenye milimita 16, pete za filta tatu zitakupa pembe nyeusi. Utavuta hadi 24 kuzikwepa, na upana ulioununulia lenzi umekwisha. Zikigandana, usizibane kwa nguvu pembeni, pete inapinda na inazidi kukaza.

Kama huniamini, usiku wa leo weka kamera kwenye stendi katika chumba chenye giza, taa moja iwe kwenye kona ya picha. Piga na UV. Ifungue, piga tena bila kugusa kitu kingine. Tazama kona ya mkabala kwenye kompyuta, siyo kwenye kioo cha kamera, halafu zilete picha zote mbili hapa.