Siku moja Bogoria: nenda mapema, simama mbali

Ziwa Bogoria, lile la chemchemi za maji moto huko Baringo, Kenya, uzuri wake ni asubuhi. Ukitoka Nakuru, pita njia ya Mogotio, kisha ukate kona ya Loboi kabla tu ya Marigat, na ujitahidi kufika getini hewa ingali baridi. Wakati huo mvuke hupanda mzito, mweupe. Kufikia saa tano jua la Baringo linakuwa limeumeza, unabaki kutazama maji yakitokota huku utosi unaungua.

Swali la kwanza kwa askari wa getini liwe la barabara. Maziwa ya Bonde la Ufa yamefura sana katika miaka ya karibuni, na hapa maji yalifunika sehemu ya njia pamoja na baadhi ya chemchemi za Loburu, upande wa magharibi wa ziwa. Picha za zamani zitakudanganya: mahali watu walipokuwa wakisimama kupiga picha, leo huenda ni ziwa. Mimi huchukua mwelekezi wa hapo hapo. Anajua ni chemchemi zipi bado zinarusha maji juu na ni zipi zimebaki kububujika tu.

Sasa usalama, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 97 hivi, na kuna chemchemi zinazokaribia kiwango hicho. Hayo si maji ya kuogea, wala ya kuchovya kidole kuonja joto. Ule ukoko mweupe kandokando unaonekana kama sakafu, kumbe chini yake panaweza kuwa wazi. Pita palipokanyagwa na wengine, vaa viatu vya kufunika mguu, na mtoto asiachwe mkono. Simama upande upepo unakotoka. Upepo ukigeuka, mvuke hukufunika usione kisima kinaanzia wapi.

Mayai? Watu huyachemsha hapo, na yanaiva kweli. Ukiruhusiwa, yatie kwenye wavu wenye kamba ndefu, usiiname. Maganda rudi nayo, maana yale yaliyotupwa pembeni yananiudhi kuliko joto lenyewe.

Matone yakirukia miwani au kamera, yafute kwa maji safi mapema, kwani yakikauka huacha doa la magadi. Maji ya kunywa beba ya kutosha, ya ziwa hayanyweki. Heroe (flamingo) ni bahati: huhama baina ya Bogoria, Nakuru na maziwa mengine kufuata chakula, hivyo usiifunge safari kwao.

Ukimaliza kabla ya adhuhuri, endelea mbele hadi Ziwa Baringo. Lile ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, lina viboko na mamba, na boti za kukodi zipo.