Umechukua dawa, au umeinywa?

Msomaji mmoja wa Tanga anaeleza kuwa jirani yake, fundi mitambo Mbengali kutoka Dhaka, Bangladesh, anajifunza Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, na kwamba jirani huyo alipomwuliza maana ya kitenzi cha Kiingereza "take", yeye msomaji alimjibu bila kusita kuwa ni "kuchukua", ambacho kwa Kibengali ni "neowa". Tangu siku hiyo sentensi za jirani hazikai sawa katika lugha yoyote kati ya hizo tatu. "Mwalimu," anauliza, "nimemkosesha wapi?"

Umemkosesha pale pale wanapokosea watangazaji wetu kila asubuhi, ndugu yangu, kwa hiyo usijilaumu peke yako. Waingereza walilipata neno lao kwa Waskandinavia wa kale, waliosema "taka" (lisilo na undugu wowote na kutaka kwetu, wala na takataka), kisha wakalitwika kila mzigo waliokosa pa kuuweka: likizo, dawa, picha, mtihani, vyote kwao ni "take". Mbengali hakufanya hivyo. Likizo huichukua, ndiyo, husema "chhuti neowa". Lakini dawa huila, "oshudh khawa", hata ikiwa ya maji, kwa kuwa kitenzi chake cha kula hubeba na kunywa, kama kinavyobeba rushwa, ambayo kwao huliwa kama kwetu. Picha huiinua, "chhobi tola". Mtihani, ajabu ya Mungu, mtahiniwa ndiye anayeutoa: "porikkha dewa". Vitenzi vinne mahali pa kimoja, na kila kimoja kinaijua kazi yake.

Nasi vyetu tunavyo, ila tumevitelekeza. Mwezi uliopita muuguzi kijana alinikabidhi pakiti ya vidonge akaniambia, "Babu, utachukua viwili asubuhi na viwili jioni." Nilimwuliza nivichukue kuvipeleka wapi. Hakucheka. Kuchukua, kwa asili yake, ni kubeba kitu kukitoa hapa na kukifikisha pale. Ndiyo maana mbeba mizigo huitwa mchukuzi, na wizara inayoshughulika na treni na meli ikaitwa ya Uchukuzi. Basi mgonjwa aliyechukua dawa ni yule aliyepanga foleni dirishani, akakabidhiwa, akaenda nazo nyumbani, na anaweza kuzichukua namna hiyo mwaka mzima asipone. Tukikubali kwamba kuchukua ni kumeza pia, daktari anayeuliza "umechukua dawa?" akajibiwa "ndiyo" ataelewa nini? Ziko tumboni, au ziko kabatini? Kunywa dawa kulitutosha sisi na babu zetu, iwe ya mizizi, ya chupa au ya vidonge, na aliyetaka kusisitiza alisema kumeza, bila mtu yeyote kubaki na shaka.

Picha nazo ni hivyo hivyo: enzi za studio, siku ya kwanza ulikwenda kupiga picha na siku ya pili ukaenda kuichukua, wala hakuna aliyezichanganya safari hizo mbili. Ama "kuchukua mtihani", ninavyojua mimi, anayeuchukua usiku wa kuamkia siku yake hutafutwa na polisi; wanafunzi waaminifu huufanya.

"Kuchukua hatua" na "kuchukua muda" nimeacha kupigana navyo. Vimeshaota mizizi magazetini, nami umri umekwenda.

Jirani yako, kwa hiyo, mfundishe kila kitenzi pamoja na kitu chake: dawa na kunywa, picha na kupiga, mtihani na kufanya, akiviweka kando ya "khawa", "tola" na "dewa" zake, na lile jibu lako la neno moja ulifute kabisa. Na kabla hajaenda kwenye usaili wowote wa Kiingereza, mwambie kuwa akikaribishwa kwa "take a seat" anaambiwa aketi, yaani "bosha" ya kwao, asije akaaga na kiti cha watu begani.