Ngozi inajitahidi kuisafisha rangi ya nywele, ila ina kikomo

Wiki hii dada mmoja kaniandikia inbox, anasema amepaka rangi nyeusi miaka nenda rudi bila shida yoyote, safari hii kaamka kope zimevimba hazifunguki, je dawa hii ya rangi ni feki? Nikamwambia kwanza kamwone daktari. Halafu nikaona niandike hapa kabisa maana swali hili naulizwa kila siku na wengi wetu tunaopenda nywele ziwe nyeusi tititi hatujui kinachoendelea chini ya ile rangi.

Rangi nyingi za kudumu, hasa za giza, zina PPD, kemikali ndo inayoleta weusi. Kwenye tyubu haina rangi, inakolea ikichanganywa na haidrojeni peroksaidi, vipande vidogo vidogo vinaingia ndani ya unywele vinashikana vinakuwa vikubwa vinanasa humo. Sasa kichwa sio nywele tu, kuna ngozi, na PPD kiasi fulani inapenya. Hapo ndo ngozi inanishangaza mpaka leo, haikai tu kama turubai! Seli zake zina kimeng'enya (enzaimu) kinaitwa NAT1, kinaibandika PPD kipande kidogo cha kemikali kinaitwa asetili, mara nyingi viwili, na ikishabandikwa hivyo inakuwa pole, haichokozi tena kinga ya mwili, inaingia kwenye damu na kutoka na mkojo.

Shida ni kwamba NAT1 ina uwezo wake, ikizidiwa ndo basi. Na watu hatulingani. PPD iliyobaki inakutana na oksijeni, inageuka kitu kikali kinachong'ang'ania protini za ngozi, na kinga ikiiona protini iliyobadilishwa sura inaiweka kwenye orodha ya maadui. Mara ya kwanza huenda usihisi chochote. Kumbukumbu ikishawekwa haifutiki, siku nyingine unapaka kama kawaida, kesho yake au keshokutwa paji la uso linawasha, masikio yanatoa maji, kope zinavimba. Kwa hiyo dada yangu, dawa inawezekana ni ileile ya siku zote, mwili wako ndo umebadili msimamo.

Mimi nasuka na kupaka watu, na nimeshatukanwa sana kwa hili. Kuna mteja nilimwambia tujaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio arudi baada ya saa 48, akacheka mbele ya watu, "umeanza lini udaktari?", akaondoka na shoga zake wote, na wenzangu wakaniambia nafukuza riziki. Iliniuma na bado inaniuma, siwezi kudanganya. Ila sijaacha, na wanaonijia sasa wananijia kwa sababu hiyohiyo, kwa hilo najivuna.

Sa sikilizeni. Jaribio ni kila mara, sio mara ya kwanza tu, kwa sababu nimeshaeleza mzio (aleji) unajengeka kimyakimya. Usizidishe muda ulioandikwa kwenye boksi eti ikolee, kila dakika ya ziada unaiongezea ngozi mzigo. Usipake kichwa kilichokwaruzwa au kilichotoka kuwekwa rilaksa. Vaa glavu, suuza mpaka maji yawe meupe. Na jaribio jamani, msiliruke!

Piko nayo, ile hina nyeusi, naomba tuelewane. Hina halisi inatoa rangi ya machungwa mpaka kahawia, ile nyeusi ya kukolea haraka mara nyingi imetiwa PPD na hakuna aliyepima. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isizidi asilimia 2 kichwani baada ya kuchanganya, na kuchorea ngozi hawairuhusu kabisa, sisi tunawapaka watoto mikononi.

Kama umeshapata mzio, kuhamia rangi yenye PTD, kemikali nyingine ya rangi za nywele, sio tiketi ya usalama, ni ndugu wa karibu wa PPD na wengi inawadhuru vilevile. Na ukienda kung'olewa jino mwambie daktari, kwa sababu ganzi ya benzokaini nayo inaweza kuuamsha mzio huohuo.