Ser na estar kwa sikio la Mswahili

SWALI: Mhariri, huu ni mwezi wa sita tangu nianze kujifunza Kihispania. Lugha hiyo ina vitenzi viwili vya "kuwa", ser na estar, na kitabu changu kinaeleza kwamba ser hutumika kwa jambo la kudumu na estar kwa jambo la kupita. Kwa kuwa kifo hakina mwisho, niliandika "El perro es muerto", nikimaanisha mbwa amekufa, nikasahihishwa kwamba ni "El perro está muerto". Nimekosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, umeifuata kanuni kwa uaminifu, lakini kanuni yenyewe ndiyo inayopotosha. Fikiria sentensi mbili za kila siku: "Mombasa está en Kenia" hutumia estar ingawa mji huo hautahama, na "Es lunes", yaani ni Jumatatu, hutumia ser ingawa Jumatatu haimalizi hata saa 25. Muda sio unaoamua.

Estar imetokana na kitenzi cha Kilatini stare, kusimama, nayo hueleza mahali kitu kilipo au hali kiliyomo, mara nyingi baada ya tukio fulani. Kazi hiyo ya pili sisi tunaifanya kwa kiambishi "-me-", na ndiyo maana ninaamini kwamba Mswahili ana njia fupi kuliko ile ya kitabu chako. Mbwa amekufa: "está muerto". Mtoto amekaa: "El niño está sentado". Mlango umefungwa: "La puerta está cerrada". Supu imepoa: "La sopa está fría". Pale tunaposema niko nyumbani, Mhispania husema "Estoy en casa", na pale tunapotumia "ni" kumtambulisha mtu, yeye hutumia ser: "Mi hermana es maestra", dada yangu ni mwalimu.

Njia hii ina mipaka yake. "Amenunua mkate" hueleza tendo, si hali, kwa hiyo ni "Ha comprado pan". Tena shughuli inayofanyika mahali fulani huchukua ser, kama katika "La boda es en Mombasa", ingawa sisi husema arusi iko Mombasa.

Badala ya kukariri orodha ya maneno, andika kila jioni sentensi tatu za mambo uliyoyaona siku hiyo, kisha ubadilishe neno moja tu. Ukitoka "La puerta está cerrada" kwenda "Las puertas están cerradas", utaona sentensi nzima ikibadilika pamoja na nomino, kama vile mlango umefungwa unavyokuwa milango imefungwa, na aliyekulia katika ngeli hatalemewa na jambo hilo. Ukishazoea, jaribu neno lista, ambalo maana yake hutegemea kitenzi: "Mi hija es lista", binti yangu ni mwerevu, "Mi hija está lista", binti yangu yuko tayari.